Mitamba Wanne wa Boma la Budeba

Jumatatu, tarehe 4 Julai 1977, Mbuke Budeba alisajiliwa kuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika idara ya biolojia ya Chuo Kikuu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na mada yake iliyoidhinishwa siku hiyo ilihusu aina za hemoglobini katika ng'ombe wa bonde la Usangu.

Mada hiyo hakupewa, aliichagua. Baba yake, Mzee Budeba, alihamia Usangu kutoka Maswa mwaka 1958 akiswaga ng'ombe, mke wake Roza akiwa na mtoto mchanga mgongoni na Mbuke akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Msichana huyo alikulia kwenye boma nje kidogo ya Rujewa, ambako kila mwaka ndama walikufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, na kila mwaka wachache walipona bila dawa. Miaka mingi baadaye, mhadhiri aliposema darasani kwamba tofauti ndogo ndani ya protini moja inaweza kumfanya mnyama mmoja aishi na mwenzake afe, wanafunzi wengine waliandika. Mbuke aliinua mkono akauliza kama kuna mtu aliyewahi kupima ng'ombe wa Usangu. Hakukuwa na mtu.

Hemoglobini ndiyo inayoipa damu wekundu wake na kubeba hewa kutoka mapafuni. Kwa macho, damu ya ng'ombe wote ni moja. Lakini ukitia tone lake dogo kwenye kipande cha jeli iliyopikwa kwa wanga, kisha ukapitisha umeme, damu hutembea, na haitembei sawa. Katika ng'ombe wa Usangu ziko aina mbili zinazoonekana zaidi, A na B. Moja hutangulia, nyingine huchelewa, na kila moja huacha mstari wake mwekundu. Kila ng'ombe ana mafungu mawili, moja la mama na moja la baba. Kwa hiyo ng'ombe mwenye A tupu hawezi kuzaa ndama mwenye B tupu. Dume awe yeyote, ndama huyo lazima awe na A ya mama yake.

Idara haikuwa na maabara karibu na ng'ombe, ikaazima vyumba viwili nyuma ya jengo moja la mifugo pembezoni mwa mji wa Iringa. Huko Mbuke alipika wanga wake kwenye jiko la umeme, akaukoroga mpaka uwe laini na kuumimina kwenye trei za plastiki. Wafanyakazi wa jengo lile walipaita kwa Mama Uji. Msimamizi wake, Dakta Crispin Kalinga, mzaliwa wa Kalenga aliyesomea Ulaya, hakucheka na wafanyakazi wala na wanafunzi. Alikuwa na desturi ya kuuliza swali lilelile kwa siku tatu tofauti ili aone kama jibu litabadilika.

Tatizo la kwanza la utafiti lilikuwa watu. Ili kujua hemoglobini inarithiwaje, Mbuke alihitaji damu ya mama na ya ndama wake, na wafugaji wa Usangu hawapendi kusema ng'ombe yupi ni wa nani. Wana sababu. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye boma moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki, ili ugonjwa ukija usimalize wote, na ofisa akija asiwaone wote. Rafiki hunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama hubaki mali ya mwenyewe, ila mmojammoja anayetolewa kama shukrani. Kusimama katikati ya boma la mtu na kuuliza kwa sauti huyu wa nani na mama yake yupi ni sawa na kumfungulia mtu sanduku lake mbele ya wageni.

Mbuke, kwa kuwa ni mtoto wa hukohuko, hakuuliza. Alifika bomani jioni, wakati ndama wanapofunguliwa kunyonya. Ndama aliyekimbilia chuchu na jike akamlamba bila kumpiga teke, hao aliwaandika jozi. Aliyesukumwa hakumwandika. Kwa njia hiyo hakuna mzee aliyelazimika kusema neno, na hakuna aliyepata nafasi ya kusema uongo. Dakta Kalinga aliposikia mpango huo alisema ni mzuri. Wanaomfahamu wanasema hilo ni neno analolitoa kwa nadra.

Boma moja tu halikufuata mpango, nalo lilikuwa la baba yake.

Alipofika nyumbani Novemba 1977, ndama wadogo walikuwa wachache, lakini kulikuwa na mitamba wazuri waliokwisha kuachishwa kunyonya. Mzee Budeba alikaa kwenye kigoda, akamtajia binti yake mama wa kila mtamba kwa jina na kwa rangi. Mbuke aliandika alivyotajiwa, akatoa damu, akashukuru. Hakuona cha kuhakikisha. Katika nyumba ile kumwambia mzazi nionyeshe ni kumwambia sikuamini, na yeye hakuwa amekwenda nyumbani kumwambia baba yake hivyo.

Siku mbili baadaye alikwenda kwa Mzee Nkuba. Budeba na Nkuba walihama pamoja kutoka Maswa na kwa miaka ishirini walikuwa wakiwekeana ng'ombe. Mbuke alipokewa vizuri kupita boma lolote. Aliletewa kiti chenye mgongo, na maziwa katika kibuyu kipya. Wanawake wa pale waliacha kazi wakaja kumtazama. Mmoja alimgusa mkono akasema mkono huu umezoea kalamu, lakini utajifunza. Kijana wa Nkuba, Seni, mwenye mashamba ya mpunga Rujewa, alimshikia ng'ombe pembe mmoja baada ya mwingine.

"Daktari," Seni alimwambia, "ukimaliza damu ya ng'ombe utahamia kwetu sisi?"

"Ninyi hamna pembe za kushikia."

Wanawake walicheka sana, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Mbuke alilikumbuka hilo baadaye. Siku ile alifunga sanduku lake la barafu, akapanda baiskeli ya kukodi mpaka Igawa, akasubiri basi la Iringa.

Matokeo yalianza kutoka Februari 1978. Boma baada ya boma, jozi zilikubaliana: palipo na mama A tupu, ndama alikuwa na A. Katika boma la Budeba, mitamba wanne hawakukubaliana na mama zao. Wawili kati yao walikuwa B tupu, na mama waliotajwa walikuwa A tupu. Wengine wawili walikuwa kinyume chake. Mbuke alirudia jeli kwa damu iliyobaki. Mistari ilikaa palepale.

Dakta Kalinga alizitazama trei zile kwa muda, mikono ikiwa mfukoni.

"Ndugu Mbuke, chupa zako zina namba?"

"Zina namba, Daktari."

"Nani aliziandika?"

"Mimi."

"Basi ama namba imekosea ama ng'ombe amekosea. Mimi sijapata kuona ng'ombe aliyekosea."

Siku ya pili alimwuliza tena, na siku ya tatu. Jibu halikubadilika. Ndipo alipomweleza hali ilivyo. Kamati ya idara itakaa Septemba kuamua kama utafiti uendelee au usimamishwe. Kama mwanafunzi amechanganya chupa katika boma moja, hakuna anayeweza kusema hakuchanganya katika mengine, na kazi yote ya mwaka haina thamani. Kulifuta boma lile na kukaa kimya hakuruhusiwi, kwani idara haifuti kisichoipendeza. Anachotaka ni sababu. Mbuke alimweleza kwamba pale hakuona ndama akinyonya, alichukua maneno ya mzee.

"Kwa watu baki ulikwenda na macho," Kalinga alisema. "Kwenu ulikwenda na masikio."

Alimpa ruhusa ya kurudi kutoa damu upya. Aprili Mbuke alirudi Rujewa, akatoa damu ya mitamba walewale na ya majike yaleyale, safari hii akiandika namba kwenye chupa na kwenye mkanda aliomfunga kila mnyama shingoni. Iringa mistari ilirudi vilevile. Chupa hazikuwa zimechanganyika. Maneno ya baba yake ndiyo hayakuwa ya kweli, na ni mtu mmoja tu aliyeweza kuyasahihisha.

Alimwendea mwezi Juni, shule za msingi zikiwa zimefungwa na wadogo zake wakiwa malishoni. Alimweleza polepole, kwa Kisukuma, akichora mistari ardhini kwa kijiti. Hakumwambia amedanganya. Alimwambia labda amesahau, ng'ombe ni wengi na miaka ni mingi. Budeba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama damu ya ng'ombe inaweza kugeuka kwa kukaa kwenye barafu. Mbuke akasema haiwezi. Akauliza kama inaweza kugeuka kwa kusafiri kwenye basi. Mbuke akasema haiwezi.

"Mimi ndiye niliyewaona wakizaliwa," mzee alisema. "Wewe ulikuwa shuleni."

Akanyanyuka kwenda kuangalia uzio.

Mbuke alimweleza mama yake kilichokuwa hatarini. Roza alikuwa akipepeta mchele uani. Alitaka kujua kitu kimoja tu: ikiwa kamati itakataa, binti yake atafanya nini. Mbuke akasema atafukuzwa, fedha ya masomo itakatwa, na hakuna idara nyingine nchini ya kumpokea. Mama aliendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini.

"Wale mitamba hawakuzaliwa hapa," alisema. "Walizaliwa kwa Nkuba. Ni wako."

"Wangu kwa vipi, mayu?"

"Msichana anapata ng'ombe kwa njia ngapi?"

Mambo yenyewe, kama Roza alivyoyaeleza na kama wengine walivyoyathibitisha baadaye, ni haya. Mwaka 1970 Mbuke alimaliza kidato cha nne katika shule ya masista mkoani Iringa na kufaulu kuendelea. Budeba alikuwa ameamua kwamba inatosha. Nkuba ndiye aliyekwenda kumsihi amwache asome. Alitaka mkwe aliyesoma, na mwanawe Seni alikuwa tayari kungoja. Kwa desturi mahari hutolewa mchana, mbele ya pande zote mbili, ng'ombe wakatajwa mmojammoja na kila mtu akasikia. Lakini kumposa msichana aliye shuleni kungemfikisha Budeba mbele ya serikali, na masista wangemfukuza binti siku hiyohiyo. Wazee wakatafuta njia nyingine. Kila kiangazi mifugo ya Usangu hushuka kwenye majani ya bwawa la Ihefu na kuchanganyika huko. Kila kiangazi, mifugo ilipopanda kurudi, ndama mmoja au wawili wa Nkuba walifuata ng'ombe wa Budeba. Aliyeuliza aliambiwa wamewekeshwa, na hakuna aliyeuliza mara mbili.

Madume katika ndama hao yaliuzwa mnadani, na fedha yake ilikwenda kwenye nauli, madaftari na viatu vya Mbuke. Mitamba walibaki kuzaa. Wengine walitolewa mahari mwaka 1975, kaka yake Bujiku alipooa. Mkewe Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa uani palepale akimwogesha mtoto.

"Ukisema hawa si wetu," Roza alimwambia, akimwonyesha Sekela kwa kidevu, "na yule umemvua mahari yake."

Mbuke aliuliza nani mwingine alijua. Mama yake akasema ingekuwa rahisi kumtajia asiyejua.

Anasema hakulia na hakugombana. Alirudi Iringa akapika wanga. Kwa wiki kadhaa alijaribu kutafuta njia ya kumwambia Dakta Kalinga kwamba jozi zile hazifai bila kumwambia kwa nini. Haikupatikana. Kalinga mwenyewe akamaliza jambo hilo kwa namna yake: mwishoni mwa Agosti alitangaza kwamba atakwenda Rujewa kusikia kutoka kinywani mwa mwenye mali, ili aandike kwa kamati alichokisikia na si alichosimuliwa. Mbuke alimwandikia baba yake kumpa habari hiyo na ya kamati. Barua ilisomwa na Bujiku. Haikumwomba chochote ila kusema ukweli kuhusu mitamba wanne. Kuhusu mahari haikusema neno.

Walifika na Landrover ya idara karibu na saa nne asubuhi, Kalinga, Mbuke na dereva aitwaye Yotamu. Budeba alikuwa amevaa koti. Bujiku alikuwepo. Mzee Nkuba naye alikuwepo, amekaa pembeni na fimbo yake, kwa kuwa mgeni mkubwa anapokuja kwa rafiki yako huachi kufika. Salamu zilichukua muda wake. Maziwa yaliletwa. Kalinga, ambaye ni Mhehe na anajua nyumba za wafugaji, hakuharakisha. Kisha akauliza swali lake kwa Kiswahili chepesi: mitamba hawa wanne, mama zao ni wale waliotajwa, au mzee alipitiwa? Akaongeza kwamba kupitiwa si kosa, na kwamba jibu lolote lile halitamletea mzee matatizo.

Budeba alimtazama binti yake, kisha akamtazama mgeni.

"Daktari, mimi sijasoma," alisema. "Lakini niliona kwa macho yangu. Siku ile msichana alikuwa na haraka. Chupa zilimponyoka zikaanguka pale, karibu na lango, akaziokota, akaziweka hivyohivyo. Amechanganya."

Chupa hazikuwa zimeanguka. Mbuke alifahamu hilo, baba yake alifahamu, na Bujiku, aliyekuwa ameshika ng'ombe siku hiyo, alifahamu pia. Bujiku alitazama vidole vyake vya miguu.

"Na mara ya pili, Aprili?" Kalinga aliuliza.

"Mara ya pili sikuangalia. Lakini amechoka, huyu. Amesoma miaka mingi. Mimi nasema mwacheni apumzike. Arudi nyumbani, hatumdai kitu."

Kwa maelezo ya Mbuke, hapo ndipo alipoelewa kwamba baba yake hakuwa akificha tu. Kazi ile ikivunjika, angerudi Rujewa bila mahali pa kwenda, na ahadi ya mwaka 1970 ingetimia bila baba huyo kulazimika kumwambia. Mzee alikuwa ameipima kamati ya Septemba akaona inamfaa.

Kalinga alifunga faili lake. Hakuwa na sababu ya kumwamini mwanafunzi kuliko mzazi aliyesema mbele ya mashahidi kwamba aliona.

"Daktari, usifunge," Mbuke alisema. Alisema kwa Kiswahili, ili Yotamu naye aelewe. "Wale mitamba ni mahari yangu. Imetolewa tangu niko sekondari, na mimi nimeambiwa Juni mwaka huu. Mama zao wako kwenye boma la Mzee Nkuba. Mzee Nkuba ndiye huyu. Mwulize."

Budeba alimwambia kwa Kisukuma anyamaze. Hakunyamaza, alirudia, akataja rangi za mitamba. Kalinga akageuka kwa Nkuba, akamwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana, akamwuliza kama ni kweli.

Nkuba hakuonekana kuudhika. Kwa miaka minane alikuwa ametoa ng'ombe bila shahidi, kwa mtu aliyekuwa akisema kila mwaka ngoja kidogo.

"Amesema kweli," alijibu. "Na nashukuru amesema mwenyewe, na mgeni amesikia."

Mchana huo Nkuba aliwapeleka bomani kwake, akawaonyesha majike manne, mmoja baada ya mwingine, na kuwatajia mtamba aliyezaliwa na kila mmoja. Mbuke alitoa damu. Safari hii wanawake hawakuja kutazama na hakuna aliyeleta kiti. Seni alishika pembe kama mwanzo. Hakufanya utani, na alipomaliza aliosha mikono akaenda shambani.

Iringa jeli zilikubali majike yote manne. Mbuke alipotaka kuandika kwamba mama wamepatikana, Kalinga alilikata neno hilo. Jeli haiwezi kumtaja mama, alimkumbusha. Inaweza tu kumkataa asiye mama, na hawa haikuwakataa. Ripoti aliyoipeleka kwa kamati ilisema kwamba katika boma moja maelezo ya mmiliki hayakuwa sahihi, kwamba sababu zake zinajulikana na si za kisayansi, na kwamba namba za mwanafunzi hazina dosari. Kamati iliruhusu utafiti uendelee. Kalinga alimpa habari hizo mlangoni mwa maabara, kisha akamwuliza, kwa mara ya kwanza, jambo lisilohusu ng'ombe. Alitaka kujua kama kweli hakuwahi kuhisi. Mbuke akasema hakuwahi. Hilo alimwuliza mara moja tu.

Desemba Nkuba na Seni walipanda basi mpaka Iringa. Walimkuta kwenye vyumba vyake nyuma ya jengo la mifugo. Nkuba alitaka siku ya harusi. Alisema kwa adabu kwamba masomo anaweza kuyamaliza akiwa kwa mumewe, na kwamba yeye si mtu wa kumfungia mtu ndani. Mbuke aliwakaribisha chai, akawaambia hataolewa na Seni, na kwamba hana ugomvi naye. Hakuahidi, akasema, na kwa hiyo havunji ahadi.

Seni ndiye aliyejibu.

"Miaka minane, mtu mzima. Rujewa wananiita bwana harusi wa posta, mtu wa kungoja barua. Wewe ulipokuwa unakunywa maziwa kwetu ulifikiri nini?"

"Nilifikiri nina kiu."

"Basi," Seni alisema. "Wamenidanganya na mimi."

Nkuba alikwenda kwa Budeba akadai ng'ombe wake na uzao wao. Budeba alimjibu jibu alilompa Kalinga: mitamba ni wake, wamezaliwa bomani kwake, na kama kuna damu inayosema vingine basi ni damu ya chupa zilizoanguka. Marafiki waliohama pamoja kutoka Maswa hawajasalimiana tangu Januari. Februari mwaka huu Nkuba alifungua kesi. Hana hati na hana mshenga, kwa sababu wazee wote wawili walitaka hivyo. Ana ng'ombe wanne walio kwenye boma la mtu mwingine, na binti wa mtu huyo anayeweza kuonyesha kwamba hawakuzaliwa na majike ya humo.

Alimwomba awe shahidi wake. Mbuke aliomba muda wa kufikiri. Bujiku alimtumia ujumbe kwa dereva wa lori: akisimama upande wa Nkuba asije akamwita kaka, kwani ng'ombe wakirudishwa, baba atamgeukia yeye na ng'ombe waliomwoa Sekela. Roza hakutuma ujumbe. Budeba alipoulizwa na mwandishi wa habari hii kama aliwahi kufikiria kumwambia binti yake, alisema alimsomesha, na kwamba wako baba wengi Usangu ambao hawakufanya hata hilo.

Mbuke anafanya hesabu nyingine. Mahari ikibaki kwa Budeba, yeye ni mke wa Seni ambaye bado hajapelekwa. Ikirudi kwa Nkuba, si mke wa mtu. Amemjibu Nkuba kwamba atakuja, kwa masharti mawili: atasema kile tu ambacho jeli inaonyesha, kwamba mitamba wale hawakuzaliwa na majike aliyoyataja baba yake, na hataulizwa kama baba yake ni mwongo.

Kesi itasikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo Jumanne, tarehe 12 Juni 1979. Mbuke Budeba ndiye shahidi wa kwanza wa mdai.